Pi Gamma Mu, Psi Chi, Pi Sigma Alpha au AKD? Chama kipi cha heshima ujiunge kama unasoma sayansi za jamii Marekani

Kama unasoma siasa, sosholojia, saikolojia, uchumi au historia kwenye chuo cha Marekani na alama zako ziko vizuri, basi kuanzia mwaka wa pili au wa tatu utaanza kupokea barua pepe za pongezi, eti umechaguliwa kujiunga na chama cha heshima, jina lenyewe herufi za Kigiriki, lipa dola kadhaa kabla ya tarehe fulani. Wengine wanazifuta palepale wakijua ni matapeli. Wengine wanalipa zote, maana mzazi nyumbani akisikia mwanangu kachaguliwa chama cha heshima anatuma hela hata kama ni ya kukopa. Mi naona wote wawili wanapoteza kitu, kwa sababu kati ya hivyo vyama vipo vinavyoweza kukulipia nauli ya kwenda kuwasilisha utafiti wako mbele ya maprofesa, na vipo ambavyo vitakupa cheti na kamba ya kuvaa siku ya mahafali basi, na huwezi kujua kipi ni kipi kwa kusoma barua ya mwaliko tu.

Kwanza tuelewane, hivi sio vile vyama vya kuishi nyumba moja na kufanya sherehe za wikiendi, ingawa majina yanafanana kabisa. Hivi vinaangalia transkripti yako. Unaingia kwa alama na kwa idadi ya kozi ulizosoma, unaapishwa kwenye hafla fupi ya idara, na uanachama kwa vingi ni wa maisha.

Na wazazi wa Tanzania naomba wasikilize hapa, maana nimeona mtu anagombezwa bure. GPA ya Marekani mwisho wake ni 4.0, sio 5.0 kama ya Mlimani. Kwetu 3.0 ni lower second, ila huku 3.0 ni wastani wa B, na ndo kiwango cha chini cha karibu vyama vyote nitakavyovitaja. Kwa hiyo mtoto akikwambia ana 3.6 usimuulize kwanini hajafika first class, huyo yuko pazuri sana.

Sasa kwenye kuchagua kuna njia panda moja kubwa, nayo ni hii: unataka chama cha sayansi za jamii zote kwa pamoja au unataka cha fani yako peke yake?

Cha zote kwa pamoja ni Pi Gamma Mu. Kilianzishwa 1924 kwenye chuo kidogo kinaitwa Southwestern College, mji wa Winfield, Kansas, na aliyekianzisha ni mkuu wa masomo (dean) wa chuo hicho, Leroy Allen. Wazo lake lilikuwa kwamba matatizo ya jamii hayajigawi kwa idara, umaskini una uchumi ndani yake, una siasa, una historia, una saikolojia, kwa hiyo watu wa fani hizo wakutane chumba kimoja. Mi hilo wazo nalipenda mpaka leo. Masharti yake: uwe mwaka wa tatu au wa nne au unasoma shahada ya juu, uwe umemaliza angalau krediti 20 za sayansi za jamii, wastani wa B kwenda juu, na uwe ndani ya asilimia 35 ya juu ya darasa lako. Kizuri ni kwamba zile krediti 20 unaziokota popote, siasa kidogo, anthropolojia kidogo, sosholojia, jiografia ya watu, uhusiano wa kimataifa, haki jinai, ustawi wa jamii, zote zinahesabika. Wana jarida lao, International Social Science Review, na kila mwaka wanatoa skolashipu kwa wanachama wanaoenda masters au PhD. Tena sio cha Marekani tu, Ufilipino kina matawi ya siku nyingi.

Sasa nani kinamfaa? Kinamfaa mtu ambaye meja yake, yaani fani kuu ya digrii, haina nyumba. Unasoma masomo ya Afrika, au maendeleo ya kimataifa, au umeunganisha sera za umma na mazingira, ukienda idara ya siasa wanakwambia kozi zako hazitoshi, ukienda sosholojia hivyohivyo, lakini ukizijumlisha zote unavuka 20 bila shida. Wanafunzi wetu wengi kutoka Afrika Mashariki wako hivi kwa sababu wanachagua kozi kwa kufikiria kazi watakayofanya wakirudi, sio kwa kufikiria idara. Kwa mtu wa namna hiyo sioni haja ya kuhangaika, Pi Gamma Mu ndo mahali pake, mradi tawi lipo chuoni. Na hapo ndo penye tatizo, matawi yake ni machache ukilinganisha na vya fani, vyuo vingi vikubwa hakipo kabisa.

Upande wa pili kuna vyama vya fani, na ukitazama miaka utaona vingi vilizaliwa karibu karibu, 1920, 1921, 1929, kipindi ambacho hizi idara zenyewe zilikuwa zinajijenga kwenye vyuo vya Marekani na zilitaka kuwa na heshima yake mbali na ile ya jumla.

Nianze na Psi Chi cha saikolojia kwa sababu kwa maoni yangu ndicho kinachompa mwanafunzi vitu vingi kuliko vyote. Kilianzishwa 1929, mwaka uleule kongamano la kimataifa la saikolojia lilipofanyika Yale, na siku hizi ni chama cha kimataifa chenye matawi zaidi ya elfu moja. Kuingia unahitaji uwe na meja au maina (fani ya pili) ya saikolojia, krediti 9 za saikolojia, uwe umemaliza semesta tatu, GPA ya jumla isipungue 3.0 na ya saikolojia isipungue 3.0, na uwe ndani ya asilimia 35 ya juu. Angalia hizo semesta tatu, maana yake unaweza kuingia katikati ya mwaka wa pili wakati mwenzako wa Pi Gamma Mu anasubiri wa tatu. Hiyo semesta moja sio ndogo, kwa sababu ruzuku za utafiti za Psi Chi zinamfaa mtu aliye bado na muda wa kukusanya data, akiingia semesta ya mwisho anaambulia kamba ya mahafali tu. Kuna ruzuku za utafiti wa shahada ya kwanza, za shahada za juu, za kusafiri, tuzo za makala, na kwenye makongamano ya saikolojia ya kanda mbalimbali za Marekani wana vipindi vyao ambapo wanafunzi wanawasilisha mabango yao. Halafu lipo Psi Chi Journal of Psychological Research. Mtu anayetaka kusoma saikolojia ya tiba huko mbele anajua jinsi nafasi za PhD zilivyo za kugombania, wanaangalia umefanya utafiti gani, umewasilisha wapi, na hapa unapata njia ya kuanzia hata kama chuo chako sio cha jina kubwa.

Pi Sigma Alpha ni cha sayansi ya siasa, 1920, University of Texas pale Austin. Masharti: uwe umefika nusu ya safari ya digrii, krediti 10 za siasa na angalau kozi moja iwe ya ngazi ya juu, wastani wa B kwenye siasa, na uwe ndani ya theluthi ya juu ya darasa. Theluthi ni kama asilimia 33, kwa hiyo kidogo kinabana kuliko wengine wa 35. Ila hakikulazimishi siasa iwe meja yako, mtu wa uchumi au uandishi wa habari aliyechukua kozi tatu nne za siasa anaweza kuingia, na hili watu wengi hawalijui. Wanachotoa cha maana ni kongamano la utafiti la wanafunzi linalofanyika Washington kila mwaka, jarida la wanafunzi wa shahada ya kwanza linalohaririwa na wanafunzi wenyewe, skolashipu za masters, na pia za kusaidia wanaofanya intanshipu Washington. Hiyo ya intanshipu naipigia mstari. Intanshipu nyingi za Washington hazilipi au zinalipa kidogo, na kodi ya nyumba pale inamtoa mtu machozi, mtoto wa familia ya kawaida hawezi kukaa kule miezi mitatu bila msaada, halafu ndo zinazofungua milango ya kazi za sera na diplomasia.

Alpha Kappa Delta, wengi wanakiita AKD, ni cha sosholojia, nacho ni cha 1920, kilianzia University of Southern California na aliyekianzisha ni Emory Bogardus, ndo yuleyule wa kipimo cha umbali wa kijamii mnachosoma kwenye kozi za mbinu za utafiti. Uwe mwaka wa tatu, kozi angalau nne za sosholojia ukiwa na wastani wa 3.0, na GPA ya jumla 3.3 au uwe kwenye asilimia 35 ya juu. Chama ndo chenye jarida la Sociological Inquiry, ambalo ni jarida la kweli la wanasosholojia, sio la kujaribia. Wana mashindano ya makala za wanafunzi na misaada ya kusafiri kwenda makongamanoni. Ukweli ni kwamba kwa AKD kila kitu kinategemea profesa anayelea tawi, kuna idara wanaapisha watu mwezi wa nne wanakula keki wanatawanyika, na kuna idara profesa anawakalisha wanafunzi, wanarekebisha makala pamoja, anawapeleka kongamanoni kwenye gari la chuo. Kwa hiyo kabla hujalipa muulize mtu wa mwaka wa nne, tawi letu mwaka jana limefanya nini?

Omicron Delta Epsilon cha uchumi jina hilo kimelipata 1963 baada ya vyama viwili kuungana, lakini mizizi yake inarudi 1915, Wisconsin na Harvard, enzi za wanauchumi akina John R. Commons na Frank Taussig. Krediti 12 za uchumi, 3.0 kwenye uchumi na 3.0 ya jumla, na meja sio lazima iwe uchumi. Jarida lao ni The American Economist na wana tuzo ya makala kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza yenye jina la huyo Taussig. Kama una makala nzuri ya ekonometriki imelala kwenye laptopu, ipeleke huko.

Wa historia waende Phi Alpha Theta, 1921, University of Arkansas, krediti 12 za historia na GPA ya historia 3.1, zingatia hiyo 0.1 ya ziada maana kuna watu inawaacha nje. Makongamano yao ya kanda yanapokea wanafunzi wa shahada ya kwanza vizuri tu. Anthropolojia kuna Lambda Alpha, jiografia kuna Gamma Theta Upsilon, hivyo ni vidogo, na kama idara yako ina tawi huna sababu ya kukataa.

Sasa tuviweke sambamba. Ukiniuliza Pi Gamma Mu au cha fani, kwa mtu mwenye meja moja iliyonyooka nasema cha fani, bila kusitasita. Sababu ni kwamba anayesoma maombi yako ya masters ni mtu wa fani hiyo. Profesa wa saikolojia akiona Psi Chi anajua ni nini kwa sababu pengine yeye mwenyewe ni mwanachama, wa siasa akiona Pi Sigma Alpha hivyohivyo, lakini huyohuyo wa siasa akiona Pi Gamma Mu itabidi aende kutafuta kwenye intaneti. Halafu ruzuku za fani zinaendana na utafiti unaoufanya darasani tayari, huanzi upya. Ila kama ni mtu wa kuchanganya fani, kinyume chake, Pi Gamma Mu inakuelezea vizuri zaidi kuliko kujibana kwenye idara ambayo hata hujui maprofesa wake. Na kama una uwezo wa kuingia vyote viwili na hela ipo, hakuna sheria inayokuzuia, wapo wanaovaa kamba mbili.

Kuna wale wa jumla zaidi wanaopokea fani nyingi, na hapa lazima nitenganishe. Phi Beta Kappa ni cha 1776, chuo cha William & Mary kule Virginia, ndicho kikongwe kuliko vyote na hakiombwi, kinakuja chenyewe. Kiko kwenye vyuo chini ya 300 nchi nzima na kinachukua kama sehemu ya kumi ya wahitimu wa sanaa na sayansi wa vyuo hivyo, na wanataka pia uwe na lugha ya kigeni kwa kiwango cha kati na kozi ya hesabu, mantiki au takwimu. Kwa mtu wetu hilo la lugha ni la kuulizia mapema, nenda kwa advaiza, yule mshauri wako wa masomo, umuulize Kiswahili chako kitahesabikaje hapo chuoni na kwa ushahidi gani, usingoje mpaka semesta ya mwisho. Mwaliko wa Phi Beta Kappa ukija usiulinganishe na kingine, jiunge, hata kama ni kwa kuchangiwa na ndugu. Phi Kappa Phi nacho ni kizito, 1897, University of Maine, kinapokea fani zote, asilimia 7.5 ya juu kwa mwaka wa tatu na asilimia 10 ya juu kwa mwaka wa nne na shahada za juu. Tofauti yake, ukitaka kubaki mwanachama hai kuna ada ya kila mwaka, wakati Pi Gamma Mu, Psi Chi, Pi Sigma Alpha na AKD unalipa mara moja imeisha.

Walioko kwenye vyuo vya jamii (community college) vya miaka miwili, na ndugu zetu wengi wanaanzia huko kwa sababu ada ni nafuu, hivi vya juu vingi bado havijawafikia, lakini wana Phi Theta Kappa cha 1918. Hiki kwao nakipa uzito mkubwa kuliko hata nilivyovipa vingine, kwa sababu vyuo vingi vya miaka minne vina skolashipu maalumu kwa wanachama wake wanaohamia, hapo unaongelea ada ya mwaka mzima. Wa saikolojia kuna Psi Beta, ndugu yake Psi Chi kwa vyuo hivyohivyo.

Kuhusu kazi za serikali ya Marekani, kuna maneno yanazunguka kwamba chama cha heshima kinakupandisha daraja la mshahara. Ni kweli lakini haijakamilika. Mwenye digrii ya kwanza anaanzia daraja la GS-5, akiwa na mafanikio ya juu ya masomo anaweza kuanzia GS-7, na uanachama wa chama cha heshima kinachotambulika kitaifa ni njia mojawapo ya kuthibitisha hilo. Ila njia nyingine ni kuwa na GPA ya 3.0, au 3.5 kwenye meja, au kuwa theluthi ya juu ya darasa. Sasa kama chama kilikuchukua kwa sababu una 3.0, si tayari unayo hiyo njia bila chama? Usilipe kwa sababu hiyo peke yake. Na kazi hizo kwa kawaida ni za raia, mwenye viza ya mwanafunzi hazimhusu, zinawahusu zaidi watoto wa familia za Kikongo, Kirundi na Kisomali waliofika kama wakimbizi na sasa ni raia.

Mialiko ya kutilia shaka ipo, nayo haina shida kuitambua. Chama cha kweli kina tawi chuoni, kina mlezi ambaye ni profesa unayeweza kugonga mlango wa ofisi yake, na kinaangalia transkripti. Ukiona mwaliko wa kampuni ambayo haina mtu yeyote chuoni, haijauliza alama zako, inakupa daraja la kawaida na la dhahabu kwa bei tofauti, acha. Upo pia umoja wa vyama vya heshima vya vyuo uliokuwepo tangu 1925, unaitwa Association of College Honor Societies, una orodha ya wanachama na unaweka viwango vya chini, vyama vya fani nilivyovitaja unaweza kuvikagua humo. Phi Beta Kappa hakimo, na sio kwa ubaya, kina utaratibu wake.

Na hela. Ada ya vyama vya fani kwa kawaida ni makumi ya dola, sio mamia, tawi nalo linaweza kuongeza kidogo ya kwake, kamba na pini unanunua mbali. Kama hiyo hela ni chakula cha wiki nzima, muone mlezi wa tawi umwambie hivyohivyo bila aibu, idara nyingine zina kifungu cha kuwalipia wanafunzi na hawakitangazi. Msiache kuuliza, tafadhali, kuna watoto wenye akili wamebaki nje kwa sababu ya dola hamsini.

Kwa hiyo mimi ningemshauri hivi: wa saikolojia aingie Psi Chi mara tu semesta ya tatu ikiisha. Wa siasa Pi Sigma Alpha, hasa kama anaitamani Washington. Wa sosholojia AKD kama tawi liko hai, kama limelala na chuoni kuna Pi Gamma Mu inayofanya kazi, aende Pi Gamma Mu, bora hai la jumla kuliko la fani lililokufa. Wa kuchanganya, Pi Gamma Mu moja kwa moja. Anayesoma masters kutoka nyumbani kwa miaka miwili tu asidhani amechelewa, Pi Gamma Mu, Psi Chi na Pi Sigma Alpha vyote vinapokea wa shahada za juu, ila aanze kuuliza semesta ya kwanza.

Jambo la mwisho ni la kalenda. Matawi mengi yanapokea watu mara moja au mbili kwa mwaka, mara nyingi ni majira ya kuchipua, na majina yakishapelekwa makao makuu cheti kinachukua wiki kadhaa kufika. Ukihitimu mwezi wa tano, mwandikie mlezi kabla ya mwezi wa pili kuisha, umpelekee transkripti isiyo rasmi, umuulize tarehe ya kuapishwa na kama chuo kinaruhusu kamba kuvaliwa juu ya joho, kwa sababu vipo vyuo visivyoruhusu.